Mpini Usiteleze: Tepu ya Msasa, Blada na Mikono Yetu



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya vitabu vya hesabu na mikopo. Leo tunashuka hadi kwenye mpini wa jembe. Sababu ni hii: wakati wa mvua za masika zilizopita, kikundi kimoja cha akina mama hapa Miritini kilikuwa kikifyeka majani na kuzibua mtaro. Panga lilikuwa la mpini wa plastiki, limelowa, na mkono una matope. Likaponyoka, likamkata mwenzao mguuni, juu kidogo ya kifundo. Alishonwa, akakaa wiki tatu bila kuuza mboga, na mchango wake wa kila Jumamosi wakamlipia wenzake. Hakuna aliyefanya uzembe. Mpini uliteleza, basi.

Sisi watu wa pwani mikono yetu hukauka mara chache. Joto na unyevu wa bahari hututoa jasho hata saa mbili asubuhi. Mpini ukiteleza, mkono wenyewe unajua, nao hukaza zaidi bila wewe kuuambia. Ndiyo maana jioni unasikia maumivu kutoka kiganja mpaka kwenye kiwiko, ukadhani ni uzee. Sehemu ya nguvu uliyokula nayo ugali imekwenda kushika tu, wala haikulima.

Madukani mjini sasa inauzwa tepu nyeusi yenye gundi upande mmoja, na upande wa pili imemwagiwa chembe ngumu kama msasa wa seremala. Kwa kawaida hubandikwa kwenye ngazi ili watu wasianguke. Vijana wanaocheza na vibao vya magurudumu huko Marekani huibandika juu ya kibao ili viatu vishike. Upana wake mara nyingi ni sentimita 2.5 au 5. Tukafikiri: kama inashika kiatu, itashika na mkono.

Tulikosea mahali pamoja, na ni afadhali tuseme. Tuliwanunulia wanakikundi tepu hiyo, tukaizungusha kwenye mipini ya majembe kutoka juu hadi chini. Siku ya pili akina mama walituonyesha viganja vyao: malengelenge, na wengine ngozi imechubuka kabisa. Mama mmoja mzee akatuambia, "Wanangu, mmetupa jembe ama mmetupa mbuzi ya kukunia nazi?" Alisema kweli. Mtu anayelima hashiki jembe kwa mikono miwili iliyotulia. Mkono mmoja hukaa mwishoni mwa mpini, na ule mwingine huteleza juu na chini kila pigo. Huo unaoteleza unahitaji mpini laini. Shoka ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kanuni tuliyoipata ni hii: funga pale mkono unapokaa tu, acha laini pale mkono unapopita. Kwenye jembe ni kama sentimita 20 za mwisho. Na tepu ya msasa tunaiweka kwenye vitu vinavyoshikwa kwa muda mfupi, au kwa glavu: mkono wa pampu, vishikio vya wilbaro, mti wa mkokoteni. Hamali wanaotuletea mitungi ya maji wanajua kwamba hatari iko kwenye mteremko kuliko mlimani. Mtungi mmoja wa lita 20 ni kilo 20 za maji. Hesabu mitungi kumi ikikusukuma kutoka nyuma, halafu kiganja kina jasho.

Kwa kazi ya kutwa nzima kwa mkono mtupu, blada ni bora, nayo karibu ni ya bure. Omba tyubu kuukuu kwa fundi wa pancha, wako wengi kando ya barabara kuu. Kata ukanda wa sentimita 3, anzia mwisho wa mpini, vuta blada ikaze unapozungusha, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Mwisho wake uuingize chini ya mzunguko wa mwisho, uvute, ukate. Lakini angalia unene. Blada huongeza karibu nusu sentimita kila upande, na mpini ukizidi unene wa sentimita 5 hivi mkono mdogo unachoka upesi. Ushike: ncha ya kidole cha kati ikaribie kukutana na kidole gumba. Isipokaribia, punguza. Makanika nao wajue kwamba mafuta na petroli hulainisha blada ikawa kama ubani uliotafunwa. Waioshe kwa sabuni au waibadilishe.

Ukitaka kubandika tepu, osha mpini kwa maji ya sabuni, uuache ukauke siku nzima, kisha ufute kwa spiriti. Usitumie mafuta ya taa, maana huacha utelezi na gundi haitashika. Pembe za tepu zikate ziwe mviringo, la sivyo zitabanduka kwanza. Usiipandishe tepu juu ya tepu. Kingo zikutane tu. Mpini wa unene wa sentimita 4, ukifunikwa sentimita 20, unakula nusu mita ya tepu pana. Roli ya mita 5 basi inatosha majembe kumi, ndiyo sababu tunawashauri mnunue kwa kikundi.

Wengine hupaka rangi ya mafuta na kunyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa. Inafaa kwa wilbaro. Ila mchanga wa baharini uoshwe kwanza kwa maji baridi ya kisima yasiyo na chumvi au ya mfereji, kwa kuwa chumvi italeta kutu kwenye chuma.

Mipini mingine haifai kufungwa kabisa. Mwiko wa sufuria kubwa ya harusi na visu vya jikoni viacheni, uchafu hujificha kwenye mikunjo. Mpini wenye ufa ubadilishwe. Tumeona mtu ameuficha ufa chini ya tepu, na hiyo ni kumtegea mwenzako. Jembe lililolegea kichwani litiwe kabari, kwani kulilowesha ndani ya ndoo husaidia mpaka mti ukauke tu. Wala msidhani tepu hii inazuia umeme.

Kila miezi mitatu fungueni blada mtazame mti chini yake, hasa baada ya mvua. Maji hukaa humo na mti ukaoza bila kuonekana. Kikundi kile cha mtaro hufanya hivyo Jumamosi ya kwanza, kabla ya kuhesabu pesa: kila mmoja huja na panga lake, na jirani yake ndiye anayelikagua.