Pikipiki ya lami na matope: Pima njia kabla ya kuhesabu pesa

HEBU tuseme, msomaji mpenzi, kwamba binti yako amehitimu chuo cha ualimu na tayari amepewa shule katika Kaunti ya Nyamira. Amepata chumba cha kukodi mjini Keroka, pale mpaka wa Nyamira na Kisii unapopita katikati ya soko. Kila asubuhi atashika lami kwa kilomita kadhaa, kisha aiache na kupanda vilima vya upande wa Magombo kwa barabara ya udongo mwekundu. Jumamosi pikipiki hiyo hiyo itampeleka kwa nyanya yake, na irudi na mkungu wa ndizi nyuma. Nanyi mko Umoja au Buru Buru, mmekutana sebuleni, mmechanga pesa, na kila mjomba aliyehudhuria ana pikipiki yake moyoni.

Mmoja anataka ile ya bodaboda kwa sababu ni nafuu. Wa pili aliwahi kufanya kazi na maofisa wa kilimo na haoni pikipiki nyingine ila ile ndefu yenye madigadi ya juu. Kaka yake msichana, ambaye bado yuko chuoni, amekuja na picha ya jipikipiki kubwa la Kijerumani. Nani asikilizwe?

Jibu langu ni kwamba asisikilizwe yeyote mpaka kwanza muijue barabara yenyewe.

Nyamira si tambarare. Ardhi yake inaanzia kiasi cha mita 1,250 juu ya usawa wa bahari na kupanda hadi kama 2,100. Sehemu kubwa ina udongo mwekundu mzito, ule unaokubali chai na ndizi bila kubembelezwa, lakini ukinyeshewa hugeuka sabuni. Mvua yenyewe haingojei msimu. Hata nje ya masika ya Machi hadi Mei, mawingu hujikusanya kutoka upande wa Ziwa Victoria na kumwaga alasiri, mara nyingi kwa radi na hata mvua ya mawe. Kwa hivyo njia ambayo mwalimu aliipita saa moja asubuhi ikiwa kavu na yenye vumbi si ile atakayorudi nayo saa kumi jioni. Isitoshe, malori yanayochukua majani chai kutoka vituoni hupita humo humo yakiwa yamejaa, na magurudumu yake huchimba mifereji miwili mirefu inayokauka ikawa migumu kama saruji. Gurudumu jembamba la pikipiki likiingia humo, kulitoa ni kazi.

Ndiposa kosa la kwanza la wanunuzi wa mjini ni kuuliza pikipiki inakimbia kiasi gani. Huko hakuna wa kushindana naye. La kuuliza ni kama itapanda ikiwa na mzigo, na kama itashuka bila kuponyoka.

Kupanda na kushuka

Injini ya kawaida hupumua hewa kama sisi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na nguvu hupungua kwa takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Pikipiki iliyoandikwa kwenye karatasi kuwa ina nguvu 12 za farasi itabaki na kama 10 hivi ikifika kwenye vilima vya mita 2,000, kabla hujaweka abiria wala gunia. Hii ndiyo sababu pikipiki ya 100cc, ambayo ni tamu kwa mafuta na inatosha kabisa mjini Kisumu, hulia na kuomba gia ya kwanza kwenye miinuko ya Manga au Kiabonyoru. Kwa maoni yangu, 125cc ndiyo ya chini kabisa, na 150cc inatosha.

Kushuka nako kuna hesabu yake. Pikipiki za zamani za aina ya "two-stroke", yaani zile zinazochoma oili pamoja na petroli na kutoa moshi wa buluu, zina mwendo wa kupendeza zikipanda, lakini ukiachia mafuta kwenye mteremko injini haikushikilii ipasavyo. Kazi yote inabaki kwa breki, na breki za ngoma zikipata moto zinalegea. Injini ya "four-stroke" huizuia pikipiki yenyewe ukiwa gia ya pili, nawe unagusa breki ya nyuma taratibu tu. Kwa mwendeshaji mgeni, tofauti hiyo si ndogo.

Tulikotoka

Wasomaji wa umri fulani watakumbuka wakati pikipiki mashambani ilikuwa chombo cha ofisa. Afisa wa kilimo, wa mifugo au wa afya alifika akiwa juu ya Suzuki TF125, Yamaha DT au Honda XL, na watoto wakakimbia nyuma yake. Zilikuwa pikipiki za jamii iliyopata umaarufu ulimwenguni mwaka wa 1968, Yamaha ilipotoa DT-1 na kuwaonyesha Wamarekani kwamba chombo kimoja chaweza kwenda kazini Jumatatu na porini Jumapili. Gurudumu la mbele ni kubwa, madigadi iko juu, shoksi ni ndefu, na bomba la moshi limepanda mbali na mawe.

Kisha mambo yakageuka. Bajeti ya 2008 iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani pikipiki zenye injini isiyofika 250cc, na baada ya hapo pikipiki nyepesi za India na Uchina zilimiminika. Bodaboda, ambayo ilikuwa baiskeli ya kuvushia watu mpakani Busia, ikawa injini. Leo katika soko lolote la Nyamira, iwe Kebirigo, Ikonge au Nyansiongo, utaona Boxer za Bajaj na HLX za TVS zimepangwa kwenye steji. Msidharau jambo hilo mkiwa sebuleni. Lina maana kwamba klachi, cheni, plagi na kebo zinapatikana karibu, na kuna fundi aliyezifungua mara mia.

Tatu za kupimwa

Pikipiki ya bodaboda ya 150cc ina sifa nyingi. Lita moja ya petroli huipeleka kilomita 40 na zaidi, kiti chake ni kirefu, na karia yake hubeba bila kunung'unika. Udhaifu wake uko chini. Nafasi kati ya tumbo lake na ardhi kwa kawaida haifiki sentimita 20, magurudumu ni ya inchi 17 au 18, na madigadi ya mbele imelala karibu kabisa na tairi. Hiyo madigadi ndiyo adui mkubwa kuliko yote kwenye udongo wa Nyamira. Tope jekundu hunata kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi, na ghafla gurudumu la mbele linakataa kuzunguka. Mpanda pikipiki hukuta anasukuma kitu kisichozunguka, au ameshalala chini.

Pikipiki ya njia mbili hasa, mfano Honda XR150L, imeundwa kwa kujua hayo. Gurudumu la mbele ni la inchi 19, tumbo liko kama sentimita 24 juu ya ardhi, madigadi imeinuliwa, na injini ni ya aina rahisi inayopozwa kwa hewa. Lakini kiti chake kimefika sentimita 82 au 83, na bei yake yaweza kukaribia mara mbili ya ile ya bodaboda. Nayo spea huenda mkalazimika kuiagiza kutoka Kisii mjini au Nairobi. Mkiichagua, nunueni siku hiyo hiyo kebo ya klachi, pedi za breki na plagi ya akiba.

Ya tatu ndiyo inayodanganya watu. Ina sura ya mlimani, plastiki zenye rangi kali na madigadi kama mdomo wa ndege, lakini chini ya nguo hizo ni chombo cha kawaida. Usiangalie rangi. Keti juu yake na uibonyeze kwa uzito wako, uone shoksi zinashuka kiasi gani. Chungulia chini uone kama bomba la moshi limepita mahali pa kugongwa na mawe. Tazama kama rimu ni za spoki, kwa maana rimu ya spoki ikipinda fundi wa kijijini huinyoosha, lakini ile ya kumwagwa ikipasuka hununuliwa nyingine. Hakikisha ina kiki. Betri ikifa shuleni saa kumi na moja jioni, stata ya kidole haisaidii kitu.

Ama kuhusu lile la Kijerumani la kaka mtu: kweli, mwaka wa 2007 waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita hadi nchini mwetu juu ya BMW za aina hiyo wakitoka Uskoti kuelekea ncha ya kusini ya Afrika. Lakini chombo hicho kina zaidi ya kilo 200, na wao walikuwa na magari ya kuwasindikiza. Mwalimu aliyeanguka peke yake kwenye mteremko wa matope anahitaji kitu anachoweza kukiinua mwenyewe. Pikipiki za 150cc tulizozitaja zina kiasi cha kilo 120 hadi 130, na hata hizo si kazi rahisi.

Zile za umeme zinapendeza, na mjini Nairobi zimeanza kuzoeleka. Kwa njia ya vilima iliyo mbali na kituo cha kubadilishia betri, mimi ningesubiri kwanza.

Basi mnunue ipi?

Pimeni njia. Ikiwa theluthi mbili au zaidi ni lami au murramu iliyoshindiliwa, nunueni 150cc ya bodaboda na mzitumie pesa zilizobaki kuirekebisha. Mpelekeeni fundi aiinue madigadi ya mbele kwa vidole vitatu au vinne. Asiiondoe, kwa sababu tope litamrukia machoni, na kwa baadhi ya pikipiki chuma chake ndicho kinachoshikanisha miguu miwili ya mbele. Wekeni tairi zenye meno ya wastani. Zile za meno makubwa hushika udongo vizuri, lakini kwenye lami iliyolowa huteleza unapofunga breki, na barabara ya Kisii hadi Sotik ina malori. Mwisho, sproketi ya nyuma iongezwe meno. Kama ilikuwa na 42 ikawekwa ya 45, nguvu ya kupanda huongezeka kwa asilimia 7 hivi, na mwendo wa juu hupungua kwa kiasi hicho hicho, jambo ambalo mzazi hatalililia.

Ikiwa sehemu kubwa ni udongo wa kupanda na kushuka, mimi naona bei ya ile ya njia mbili inajilipa, almuradi miguu yake ifike chini. Ajaribu kwanza. Asiyefikisha hata vidole vya miguu yote miwili ardhini atapata taabu siku pikipiki itakaposimama ikiwa imeinama kwenye mfereji wa lori.

Mkivutiwa na DT kuukuu kutoka mnada wa serikali, linganisheni namba ya injini na ya fremu na zile za cheti cha umiliki, na muhakikishe rekodi za NTSA zinasema hivyo hivyo kabla shilingi haijatoka mfukoni. Kisha mjiulize ni nani Keroka atakayewauzia pistoni yake.

Katika hesabu ya pesa, jambo moja lisikatwe. Sheria ya trafiki inamtaka mwendeshaji na abiria wavae helmeti na jaketi la kung'aa, na abiria awe mmoja tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa na Cochrane mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa helmeti hupunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwa hiyo nunueni mbili nzuri, za kumkaa kichwani bila kucheza, pamoja na buti za kufunika vifundo vya miguu. Wekeni pia fungu la bima, na la mkufunzi wa kumwezesha kupata leseni.

Halafu, kabla ya muhula kufunguliwa, aipite njia ile ya shule mara tatu: asubuhi ikiwa kavu, jioni baada ya mvua, na mara ya tatu akiwa amebeba gunia la kilo 40 nyuma. Hewa ya tairi aipunguze kidogo anapoacha lami, lakini si sana, maana tyubu huteleza ndani ya rimu na kukata valvu. Na popote atakapoona waendeshaji wa bodaboda wa eneo hilo wameshuka na kusukuma, naye ashuke.