Kampuni Inayokuomba Usinunue Sana!

Hebu niambie, umeshawahi kumsikia muuza maandazi akimwambia mteja, "Mawili yanakutosha kaka, usiongeze"? Hata mimi sijawahi. Lakini huko Marekani, katika jimbo la California, kampuni za umeme huwasaidia wateja kununua vifaa visivyokula umeme mwingi. Zinatuma hata mafundi kwenye nyumba za watu wa kipato cha chini kuziba nyufa na kubadilisha balbu bure. Je, zimeingiwa na huruma? Wapi! Serikali ya jimbo ndiyo iliyobadilisha namna zinavyopata faida.

Yote yalianza na shida. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu ziligoma kuiuzia Marekani mafuta, na foleni za petroli zikawa si mchezo. Ijumaa moja usiku mwanafizikia wa Berkeley, Arthur Rosenfeld, alikuwa anatoka kazini. Akaona taa za ofisi za wenzake zinawaka, na watu wameshaondoka. Akaamua kuzizima. Kumbe kazi! Swichi nyingine zilifichwa nyuma ya makabati na rafu za vitabu, maana hakuna aliyezigusa siku nyingi. Baadaye aliacha fizikia yake ya chembe ndogo, akageukia nishati moja kwa moja.

Mwaka 1974 jimbo likapitisha sheria ya kuunda Tume ya Nishati, nayo ikaweka viwango: friji inayobugia umeme isiuzwe California. Baadaye nchi nzima ikafuata. Mwanzoni mwa miaka ya 70 friji ya kawaida ya Marekani ilikula yuniti kama 1,800 kwa mwaka. Kufikia 2001 friji mpya ilikula kama 500 tu, na baridi ni ile ile!

Sasa tuje kwenye kampuni zenyewe. Zamani, kadiri ilivyouza yuniti nyingi ndivyo ilivyopata faida. Ukizima taa, unaipunguzia kipato. Mwaka 1982 tume inayosimamia huduma hizo jimboni ikaleta utaratibu mwingine kwa umeme: inapanga kabla jumla ya fedha ambazo kampuni inastahili kukusanya. Ikiuza pungufu, bei inapandishwa kidogo baadaye kufidia. Ikiuza kupita makadirio, ziada inarudi kwa wateja. Basi haina tena sababu ya kutamani uache taa ikiwaka mchana kutwa.

Utaratibu huo uliachwa miaka ya 90, jimbo lilipofungua soko huria la umeme. Matokeo yake? Wafanyabiashara wajanja wakachezea bei, na mwaka 2001 California tajiri ikakatiwa umeme kwa zamu. Gavana Gray Davis akatangaza: ukipunguza matumizi kwa asilimia 20 kuliko kiangazi kilichopita, bili yako inapunguzwa asilimia 20. Watu wengi walipunguza kweli. Kisha ule utaratibu wa mapato ukarudishwa.

Utauliza, haya yanahusu nini gazeti la afya? Mapafu, rafiki yangu. Mitambo inayochoma gesi au mafuta hutoa hewa chafu ambayo, ikipigwa na jua, hugeuka ukungu unaowasha kifua na kuamsha pumu. Siku za joto kali kila mtu anawasha kiyoyozi, na mitambo mikuukuu huwashwa kusaidia. Matumizi yakipungua, hiyo inabaki imezimwa. (Tusidanganyane, magari ya Los Angeles yana lawama kubwa zaidi.)

Tangu katikati ya miaka ya 70, umeme anaotumia Mkalifornia mmoja kwa mwaka haukuongezeka sana, wakati kwingine Marekani ulipanda kwa karibu nusu. Wapo wachumi wanaosema hali ya hewa nzuri na bei kubwa vimechangia pia, na nadhani wana haki.

Lakini mimi nina langu. Fedha za mipango hii hutoka kwenye bili za wateja wote. Mpangaji anachangia kama wengine, ila nyumba si yake: hawezi kubadilisha dirisha bovu, na mwenye nyumba hana haraka, kwa sababu bili ya umeme haimfikii yeye.