Pedeli ya Gia Haichomelewi

Inama upande wa kushoto wa pikipiki yoyote ya kazi, iwe Boxer, TVS au Honda, mara nyingi utaona pedeli ya gia imeishika ncha ya shafti inayotokeza kwenye ubavu wa injini. Ncha ile ina vijimeno mduara mzima, na tundu la pedeli nalo lina vijimeno vyake vya kuingiliana navyo. Tundu lenyewe limepasuliwa ufa mwembamba, na bolti moja ya milimita 6, ile ya spana namba 10, inaukatisha ufa huo na kuubana mpaka tundu liikumbatie shafti. Hakuna kingine. Kila gia inayopanda na kila gia inayoshuka inategemea bolti hiyo imekazwa kiasi gani. Pedeli ikianza kucheza, wengi husema pikipiki imechoka au spea za siku hizi ni mbovu, na dawa inayotajwa kijiweni ni moja tu: ipeleke ikachomelewe. Mimi naona dawa hiyo ndiyo inayoua. Kulegea kwa pedeli ni ugonjwa wa bolti, na anayechomelea anautoa ugonjwa huo kwenye kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na kuupeleka kwenye kifaa ambacho hakipatikani mpaka injini ifunguliwe.

Tazama kwanza nguvu zinazopita hapo. Kutoka katikati ya shafti hadi pale vidole vya mguu vinapokanyaga ni kama sentimita 15. Kutoka katikati hiyo hiyo hadi kwenye meno ni kama milimita 6, kwani shafti nyingi za aina hii zina unene wa milimita 12 hivi. Urefu mmoja ni mara 25 ya mwingine, kwa hiyo mguu unaokandamiza kwa kilo 10 unayafikia meno kama kilo 250. Meno yakiwa yamebanwa sawasawa, mzigo huo hugawanywa mduara mzima na hakuna jino linaloumia. Ikipatikana nafasi hata ya unywele, mzigo unaangukia meno machache, tena unakuja kwa pigo badala ya msukumo, kama nyundo ndogo inayogonga mahali pale pale kutwa. Na gia za mguu zenyewe hufanya kazi kwa kugota. Harold Willis wa kiwanda cha Velocette, Uingereza, ndiye aliyeuunda mfumo huu mwishoni mwa miaka ya 1920: pedeli inakwenda mpaka kikomo, inagota, halafu springi inairudisha katikati. Gia ikishaingia, nguvu yoyote inayoongezwa haina kazi tena ndani ya injini. Inaishia kwenye kile kikomo na kwenye yale meno. Dereva anayekita kisigino kama anayezima moto wa mkaa hapati gia kwa haraka zaidi. Anachopata ni meno yaliyolika.

Lakini kabla meno hayajaanza kulika, bolti lazima iwe imelegea, na hapo ndipo swali lilipo. Injini ya silinda moja inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inatikisika mara 100 kila sekunde, na barabara ya vumbi inaongeza mtikisiko wake. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba kinachoifungua bolti kwa kasi kubwa ni vitu viwili vilivyobanwa kuteleza kidogo kidogo kwa upande, huku mtikisiko wa kuivuta kwa urefu wake ukiwa na madhara madogo zaidi. Kuteleza kukianza, nyuzi za bolti zinapoteza mshiko na bolti inajizungusha yenyewe kurudi nyuma. Pedeli inayopigwa juu na chini siku nzima ni mahali pazuri pa jambo hilo kutokea. Ndiyo maana sikubaliani na fundi anayetia washa ya springi na kusema kazi imekwisha. Bolti ikikazwa, washa ile inalala bapa na inabaki kama washa nyingine yoyote. Mwongozo wa NASA kuhusu bolti na nati, uliotolewa mwaka 1990, uliikataa waziwazi kama kifaa cha kuzuia bolti isifunguke. Kinachoizuia ni bolti kukazwa ipasavyo tangu mwanzo ili vitu visianze kuteleza, pamoja na gundi ya nyuzi, ile inayokauka ikikosa hewa katikati ya vyuma. Ya rangi ya buluu inatosha, kwa sababu siku ya kuifungua itakubali spana ya mkono. Nyekundu iachwe kwa kazi nyingine.

Matengenezo ya kweli basi huanza kwa kutambua ni kitu gani kinachocheza. Chora mstari mmoja wa chokaa au rangi kutoka kwenye uso wa ncha ya shafti hadi kwenye pedeli, halafu ichezeshe pedeli kwa mkono, taratibu. Mstari ukibaki mmoja, pedeli na shafti zinakwenda pamoja, na kile unachokihisi ni nafasi ya kawaida iliyopo kabla vyuma vya ndani havijashikana; usiguse kitu. Mstari ukikatika vipande viwili, ugonjwa uko kwenye meno. Shafti yenyewe ikiyumba huku na huku ndani ya tundu lake na oili ikichuruzika, hilo ni tatizo la bushi au sili, na pedeli haina kosa. Zipo pia pikipiki ambazo pedeli haikai kwenye shafti, bali inaunganishwa nayo kwa fimbo yenye vifundo. Hizo zikaguliwe vifundo kwanza. Dakika mbili za kuchora mstari zinaokoa pesa nyingi, maana pedeli mpya hununuliwa kila siku kwa ajili ya shafti isiyo na tatizo lolote.

Ikithibitika ni meno, bolti itolewe yote, isilegezwe tu. Kwenye pikipiki nyingi bolti inapita ndani ya mfereji uliochongwa kwenye shafti ili pedeli isichomoke hata ikilegea, na anayeilegeza nusu halafu akaanza kugonga kwa nyundo anapambana na mfereji huo bila kujua, huku mapigo yakiingia mpaka kwenye gia. Pedeli ikigoma kutoka, bisibisi bapa ikisukumwa kidogo kwenye ule ufa huutanua, na pedeli inatoka. Osha meno ya pande zote mbili kwa petroli na brashi ya waya, kisha yatazame kwenye mwanga. Meno mazima yana kilele kilichosimama na bonde lililo wazi. Yaliyolika huwa mviringo, au yamelala upande mmoja kama majani ya mpunga baada ya upepo. Mara nyingi utakuta ya pedeli yameisha na ya shafti bado yapo, kwani chuma cha shafti huwa kigumu zaidi. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa: pedeli iharibike mapema ili shafti isalimike.

Dukani nenda na pedeli ya zamani mkononi, ulinganishe upana wa tundu na idadi ya meno, maana jina la pikipiki peke yake halitoshi. Pedeli mpya ikivalishwa bila bolti, isizunguke hata kidogo. Ikizunguka, hiyo si yake, hata muuzaji akiapa. Ipange kwa kimo ambacho mguu hauinuki wala hauchongoki, rudisha bolti yenye alama ya 8.8 kichwani na tone la gundi kwenye nyuzi zilizokaushwa vizuri, ukaze kwa nyutonimita 10 hadi 12, yaani nguvu ya kifundo cha mkono kwenye spana fupi bila kuning'inia. Baada ya kukaza, ufa ule lazima ubaki na uwazi unaopitisha mwanga. Hili wengi hulikosa. Ufa ukishafumba kabisa, midomo miwili ya pedeli inabanana yenyewe kwa yenyewe na shafti haibanwi tena, na kuendelea kukaza hapo ni kuikata bolti bure. Kuna wanaoupanua ufa huo kwa msumeno wa chuma, na kuna wanaovisha kipande cha kopo la soda kati ya meno. Njia zote mbili zinakufikisha nyumbani, na kwa safari hiyo siwalaumu. Mpira wa tyubu uliozungushwa kwenye pedeli, hata hivyo, haubani chochote; unaficha tu bolti usiione inavyotoka.

Hapo anayetetea kuchomelea atasema, na ana haki ya kusikilizwa, kwamba dereva wa bodaboda ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni, spea haipo kijijini, na fundi wa kuchomelea yuko hatua ishirini kutoka kijiweni. Atasema pia zipo pikipiki zilizochomelewa na bado zinapiga kazi. Ni kweli zipo. Ila angalia moto unapopita. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi joto 1,500, na nyuma kidogo tu ya pedeli ipo sili ya mpira inayozuia oili, ambayo kwa kawaida huanza kukakamaa joto likivuka nyuzi 120 hivi. Joto husafiri kwenye shafti kabla hujamaliza kuvuta sigara. Kisha oili inaanza kudondoka tone moja moja, na anayetaka kubadilisha sili hawezi, kwa sababu pedeli haitoki. Kwenye pikipiki nyingi, kifuniko cha sproketi ndogo nacho hakifunguki mpaka pedeli iondolewe, na cheni na sproketi ndizo zinazobadilishwa mara kwa mara kuliko karibu kila kitu kwenye pikipiki ya kazi. Siku hiyo inaletwa grinda, na grinda haichagui kati ya pedeli na shafti. Hesabu ya tajiri iliyookolewa leo inalipwa siku hiyo kwa kulaza pikipiki. Kama ni mkono wa pedeli uliokatika, hilo ni jambo jingine: ivuliwe, ichomelewe ikiwa mezani, ipoe, irudishwe. Tofauti iko kwenye mahali inapochomelewa.

Mwingine atauliza kwa nini tusumbuke hivyo kwa pedeli inayocheza kidogo tu na gia bado zinaingia. Zinaingia, ndiyo, lakini sehemu ya mwendo wa mguu inapotelea kwenye meno, na gia isiyosukumwa mpaka mwisho inaweza kuruka au kuiacha pikipiki kwenye nyutro bila dereva kutarajia. Kwenye barabara tambarare ya mjini hilo ni kero na mlio mbaya. Kwenye kona za kushuka kutoka Lushoto kwenda Mombo, na abiria mgongoni, anayetegemea injini imshike anajikuta na breki peke yake. Kinga yake haina gharama: mstari wa rangi nyeupe uliovuka kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye pedeli, unaotazamwa asubuhi wakati wa kupima oili na hewa ya matairi. Ukihama, bolti imeanza safari. Pedeli mpya ikazwe tena kwa spana baada ya siku mbili tatu za kazi kabla ya kuiamini, na kama gundi imeshakauka, bolti itolewe, isafishwe na kupakwa upya.

Anabaki yule ambaye shafti yake imeshalika. Kwake pedeli mpya itashika wiki kadhaa tu, na fundi asiyemwambia hivyo anamuuzia pedeli ya pili na ya tatu. Kwenye pikipiki nyingi ndogo shafti ya gia inachomolewa kwa kufungua ubavu wa kulia na kutoa klachi, kazi ambayo haifai kufanywa peke yake kama pikipiki bado inasogea. Sahani za klachi zinapofika wakati wa kubadilishwa, ubavu ule ule unakuwa wazi na oili imeshamwagwa. Shafti na sili mpya zikiwa tayari mkononi, nyongeza ya kazi ni ndogo. Na siku hiyo pedeli nayo iwe mpya, kwani ile ya zamani itaanza kuyala meno mapya kabla pikipiki haijarudi kijiweni.