Simu ya nyanya, mikononi mwa mjukuu

MZAZI uliye mjini, likizo ya Agosti au Desemba ikifika, huenda wewe pia humpeleka mtoto wako kwa nyanya yake mashambani. Tuseme nyumbani ni Kangari, Kaunti ya Murang'a. Unajua kuna maziwa, viazi na hewa safi ya Aberdare. Unajua pia kwamba nyanya hawezi kumwacha mtoto azurure sokoni na watu asiowajua. Lakini je, ile simu ya kisasa uliyomnunulia mama ili muonane kwa video, hushikwa na nani siku nzima?

Mara nyingi hushikwa na mjukuu. Nyanya akirudi kutoka kituo cha majani chai amechoka, na mtoto wa miaka 7 ndiye anayejua kufungua WhatsApp na kumsomea ujumbe. Kwa kuwa akaunti ni ya mtu mzima, mtandao nao humchukulia mtoto huyo kuwa mtu mzima. WhatsApp na TikTok huwataka watumiaji wawe wametimiza miaka 13, lakini sharti hilo halimkingi mtoto anayetumia akaunti ya nyanya yake.

Huanza kwa salamu

Anayetaka kumdhuru mtoto haanzi kwa vitisho. Huanza kwa salamu na sifa, kisha huleta zawadi ndogo kama bando au pesa kidogo. Baadaye huomba picha, na kumwambia mtoto kuwa hiyo ni siri yao wawili.

Uchunguzi kuhusu watoto wa Kenya wa miaka 12 hadi 17, uliotolewa mwaka 2021 na UNICEF, Interpol na shirika la ECPAT, ulionyesha kwamba mara nyingi mdhalimu wa mtandaoni ni mtu ambaye mtoto anamjua tayari. Kwa hivyo kumwambia mtoto asiongee na wageni hakutoshi. Mfunze kwamba yeyote yule, awe mjomba, jirani au mwalimu, akimwomba picha ya mwili wake au akimtaka afiche jambo, aje akwambie mara moja.

Fimbo hufunga mdomo

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Mtoto anakuja kusema ameona picha mbaya, nasi tunamnyang'anya simu na kumchapa. Siku nyingine akitishwa, atanyamaza. Na yule mdanganyifu hutegemea hofu hiyo hiyo. Humwambia mtoto kwamba mama akijua atamuua. Mwahidi mtoto wako kwamba akisema hatapigwa, hata kama yeye ndiye aliyeanza kujibu ujumbe, kisha utimize ahadi hiyo.

Kabla ya kumwacha Kangari, keti na nyanya kwa heshima mkubaliane haya:

Simu itumiwe sebuleni au jikoni, mbele ya watu, isiingie kitandani.

Katika mipangilio ya WhatsApp, chagua kwamba wanaoweza kumwingiza nyanya kwenye makundi ni wale tu walio katika orodha yake ya namba. Simu za namba ngeni nazo zinaweza kunyamazishwa.

Mtoto asijue namba ya siri ya M-Pesa.

Kila jioni, nyanya amuulize mjukuu: leo umeongea na nani, na umeona nini? Swali hili halihitaji elimu ya kompyuta, na nyanya anajua kuuliza kuliko sisi.

Usisahau afya ya mwili. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Simu usiku huiba usingizi, na mtoto asiyelala vizuri hukasirika upesi na kushindwa masomoni.

Ukiona dalili

Mtoto akianza kuficha simu, kushtuka inapolia, kuota ndoto mbaya, au kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha, muulize kwa upole. Huenda sababu ni nyingine, lakini usipuuze.

Ukikuta ujumbe mchafu, usiufute wala usimtukane aliyeutuma, maana atatoroka na ushahidi utapotea. Usimtumie mtu mwingine picha ya mtoto, hata kwa nia ya kuonya. Kusambaza picha chafu za watoto ni kosa chini ya sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018. Peleka simu ilivyo kwa polisi au kwa afisa wa watoto. Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya dhuluma za mtandaoni.

Unaweza pia kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bila malipo, usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfunze namba hiyo kama ulivyomfunza jina lake, na umwandikie nyanya ukutani, karibu na kalenda.