Hamamu ya Kidichi: Zawadi ya Sultani kwa Mke Mwajemi

Familia za Arusha zinazovuka bahari kwenda Unguja wakati wa likizo huvutwa kwanza na fukwe na Mji Mkongwe. Tunazinasihi zifike pia Kidichi, mahali ambapo anasa za majumba ya Kiajemi zilipandikizwa katikati ya mashamba ya karafuu.

Mwaka 1850 Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, alijenga hapo hamamu kwa ajili ya mkewe, mjukuu wa Shah wa Uajemi, aliyejulikana kwa jina la Shehrzad. Jengo limefunikwa kwa makuba, na ndani yake mna mabirika ya kuogea. Kuta zimepambwa kwa nakshi za chokaa zenye maua na ndege. Picha za ndege ni nadra mno katika majengo ya watawala wa Kiibadhi. Ni dhahiri kwamba hapa mume aliridhia mapenzi ya mkewe yatangulie.

Binti wa Sultani, Sayyida Salme, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, alimtaja mama huyo wa kambo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886. Anasimulia mavazi yake ya fahari, na jinsi alivyopanda farasi na kwenda kuwinda akifuatana na wapanda farasi wa Kiajemi. Watu wa jumbani, waliolelewa kwa mila za Oman, walistaajabu. Mwishowe ndoa ile ilivunjika, na Shehrzad akarejea kwao.

Tukistaajabia fahari hiyo, tusiwasahau watumwa ambao jasho lao ndilo lililostawisha mashamba ya karafuu na kuijaza hazina ya Sultani.

Nasi tuishio chini ya Mlima Meru, kuanzia Sakina hadi Usa River, twajenga nyumba kwa jitihada kubwa. Wengi wetu tumeoana na watu wa makabila na nchi nyingine. Sayyid Said alimjengea mkewe kipande cha Uajemi, lakini jumba lake halikumzoea mgeni yule. Anayetoka mbali huhitaji chumba kizuri, naam. Lakini huhitaji zaidi mawifi na wakwe watakaomuuliza habari za kwao, na kumsikiliza anapojibu. Hilo halina gharama ya chokaa.