Mapenzi na Masomo ya Sayansi kwa Wanawake wa Kisii na Nyamira

Uhusiano wa kimapenzi hudai muda, na muda ndio kitu adimu kwa mwanamke anayesomea sayansi au uhandisi. Mwanafunzi wa historia akikosa kipindi, jioni huazima daftari la mwenzake. Maabara haina daftari la kuazima. Kemikali huandaliwa kwa siku hiyo, vifaa hugawiwa kwa makundi, na ripoti ya jaribio huingia kwenye alama za muhula. Kupima asidi kwa bureti, tone baada ya tone hadi rangi igeuke, ni ujuzi wa mkono. Hausomwi kwa simu.

Wanafunzi wengi mjini Kisii hupanga vyumba nje ya chuo. Baadhi ya wapenzi huhamia chumba kimoja ili kugawana kodi, mpango unaojulikana kote Kenya kama kamwistei. Kodi hupungua, lakini aghalabu kupika, kufua na kuteka maji humwangukia mwanamke, hata kama wote wawili wana mtihani kesho yake.

Wivu nao una gharama. Katika madarasa ya umeme au ufundi wa mitambo, wanawake ni wachache, hivyo kundi la kujadili hesabu huwa na wanaume wengi. Mpenzi akimkataza mwenzake kukaa nao hadi usiku, humtenga na mahali ambapo maswali magumu hutatuliwa.

Mimba isiyopangwa huongeza mzigo. Tangu 1994 sera ya Kenya inamruhusu msichana aliyejifungua kurudi shuleni, na vyuoni mwanafunzi huweza kuahirisha masomo. Hata hivyo, somo linapofundishwa mara moja kwa mwaka, kukosa muhula mmoja huweza kugharimu mwaka mzima. Shahada ya uhandisi huchukua miaka mitano. Kwa familia ya Nyamira inayolipa karo kwa bonasi ya majani chai, mwaka wa ziada hula fungu la mdogo wa mwanafunzi huyo, anayesubiri zamu.

Athari nyingine ni ya fikra. Mwaka 2011, Lora Park na wenzake wa Chuo Kikuu cha Buffalo, Marekani, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wanawake waliokumbushwa mambo ya mapenzi walipungukiwa na hamu ya hisabati na sayansi. Kwa wanaume hali hiyo haikujitokeza. Maelezo yao ni kwamba jamii humfunza msichana kuwa kupendwa na kuwa hodari wa hesabu haviendi pamoja.

Lakini haviko vitani kwa lazima. Wangari Maathai, mwanasayansi wa Kenya, aliolewa mwaka 1969, na mwaka 1971 akapata shahada ya uzamifu jijini Nairobi, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Afrika Mashariki na Kati. Wapenzi wanaosoma pamoja huulizana maswali na kupokezana jikoni, na wote hufaidika.

Kwa hiyo mzazi asiishie kumwonya binti dhidi ya wavulana. Amfunze pia mwanawe wa kiume kupika na kufua, na kumwacha mwenzake aende maabara. Mwanamke naye apime uhusiano kwa jambo moja: je, unamwachia saa za kusoma?