UZI: Mvua ikinyesha nauli inapanda. Tumlaumu nani?

1/ Mvua kubwa ikipiga Nairobi, mambo matatu hutokea kwa mpigo: barabara inajaa maji, taka zinaelea, na nauli ya 50 inageuka 100. Halafu tunaingia mtandaoni. Mmoja anauliza, "Gavana ako wapi?" Mwingine anajibu, "Hiyo ni kazi ya serikali kuu." Kila mmoja huwa ameshika nusu ya ukweli. Hapa sitaji mwanasiasa wala chama. Nasomea sayansi ya siasa, na hii ndiyo mada naona tukibishania sana bila kujua nani amepewa kazi gani.

2/ Tuanze na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne. Hapo ndipo kazi ziligawanywa kati ya serikali ya kitaifa na kaunti 47. Kaunti zilipewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho, usafiri wa umma barabarani, mitaro ya maji ya mvua mijini, kuzoa taka na majaa ya taka. Pia kudhibiti uchafuzi wa hewa na kelele. Ndiyo, kelele pia!

3/ Serikali ya kitaifa ilibaki na barabara kuu za kitaifa, sheria za trafiki, na sera ya mazingira nchi nzima. Ndiyo maana kuna KeNHA, KURA na KeRRA, mashirika matatu ya barabara yaliyoundwa na sheria ya 2007, kabla ugatuzi haujazaliwa. Barabara moja ya lami mjini inaweza kuwa ya KURA, na ile unayokata kona kuingia mtaani ni ya kaunti. Shimo ni lilelile, mwenye kulaumiwa ni tofauti.

4/ Sasa chukua mtaro. Ule ulio kando ya barabara ya kitaifa ni sehemu ya hiyo barabara, kwa hivyo ni wa mwenye barabara. Lakini maji yake lazima yaende mahali, na mara nyingi yanaingia kwa mitaro ya mtaa, ambayo ni ya kaunti. Mitaro ya mtaa ikiziba kwa taka ambazo hazikuzolewa, maji yanarudi barabarani. Kila ofisi inaweza kusema "upande wangu uko sawa", na bado wewe unavuka ukiwa umeshika viatu mkononi.

5/ Hii si hadithi ya viatu tu. Mafuriko ya 2024 yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Si wote walikufa kwa sababu ya mitaro, wengine ni mito iliyovunja kingo na maporomoko. Lakini swali la nani alifaa kufungua njia ya maji kabla mvua ije si swali la kitabu. Ni la uhai.

6/ Na matatu je? NTSA, shirika la kitaifa, ndiyo hutoa leseni ya kubeba abiria. Kaunti hupanga steji na kutoza ada ya maegesho. Polisi wa trafiki wako chini ya serikali ya kitaifa. Nauli nayo hupangwa na sacco na wenye magari, hakuna ofisi inayoandika bei. Kwa hivyo mgombea wa ugavana akikuahidi "nitashusha nauli", muulize: kwa mamlaka gani? Anachoweza ni kurekebisha steji, barabara za mtaa na mitaro, ili gari likwame muda mfupi.

7/ Pesa ndiyo inawasha moto. Kila lita ya petroli au dizeli ina ushuru wa kukarabati barabara. Mwaka wa 2024 ulipanda kutoka shilingi 18 hadi 25. Magavana wanasema barabara nyingi ziko kwa kaunti, basi pesa zifuate barabara. Wabunge wanasema mashirika ya kitaifa ndiyo yatumie. Wamevutana hadi mahakamani. Ukisikia huu mjadala kwa runinga, jua ni pesa zako za mafuta wanavutania.

8/ "Si basi serikali kuu ichukue kazi zote?" Nairobi ilijaribu kitu karibu na hicho. Mwaka wa 2020 kazi kadhaa za kaunti, pamoja na usafiri, zilihamishiwa serikali ya kitaifa kwa makubaliano, mpaka 2022. Lakini Kifungu cha 187 kinasema hata kazi ikihamishwa, wajibu wa kikatiba unabaki kwa yule aliyepewa kwanza. Unaweza kumtuma jirani dukani, lakini deni la duka ni lako.

9/ Mwananchi afanye nini mbali na kutwiti?
- Sheria ya 2016 ya kupata habari inakuruhusu kuandikia ofisi ya umma kuuliza: hii barabara ni ya nani, na imetengewa pesa ngapi? Wanafaa kujibu ndani ya siku 21.
- Sheria ya fedha ya kaunti huweka ada za maegesho na nyinginezo, na lazima wananchi wahusishwe. Vikao hivyo huwa na viti vitupu, manze.
- Unaweza kupeleka ombi kwa bunge la kaunti.
- Kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kutetea mazingira safi, bila kuthibitisha kwamba wewe mwenyewe umeumia.

10/ Msimu wa kampeni ukifika, beba maswali matatu. Hii kazi ni ya kiti unachotafuta? Pesa zitatoka wapi? Na kama ni ya ofisi nyingine, utaisukuma vipi? Mgombea anayejibu la tatu vizuri ni wa kusikizwa, kwa sababu maji ya mvua hayasomi Jedwali la Nne. Yanapita tu, kutoka barabara ya huyu hadi mtaro wa yule.

11/ Andika hapo chini barabara moja mbovu ya kwenu na unadhani ni ya nani. Tuipange pamoja: kaunti, KURA, KeNHA au KeRRA. Matusi ya vyama yaacheni nje, tafadhali.